Njaa ya Saa Nne Usiku: Mwongozo Kamili kwa Anayetaka Kula Vizuri

Mtu anayetoka Gongo la Mboto kwenda kazini Posta huamka saa kumi alfajiri. Anakunywa chai ya rangi na andazi moja, kisha anakimbilia daladala. Mchana anakula harakaharaka, au anaacha kabisa kwa sababu kazi zimebana na hela ni ya kuhesabu. Jioni ni foleni. Anafika nyumbani saa mbili na nusu usiku, chakula kinaiva saa tatu, anakula ugali mpaka anashindwa kuinama. Saa nne na nusu harufu ya mafuta ya chipsi inaingia dirishani na mate yanamjaa. Hapo anaanza kujilaumu kwamba hana msimamo.

Msimamo anao. Ameshinda na tumbo tupu, na usiku mwili unadai deni lake. Wengi wanaohangaika na ulaji wa usiku wanapambana saa nne usiku na jambo lililoanza asubuhi, ndiyo maana wanashindwa. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana mchana kabla haujafika usiku. Nimemfikiria zaidi mkazi wa Dar es Salaam, lakini vyakula nitakavyovitaja vinapatikana Mombasa, Mwanza, hata Bujumbura.

Kwa nini hamu inakuja usiku

Mwili una saa yake ya ndani. Mwaka 2013, Frank Scheer na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa watu 12 waliokaa siku 13 kwenye maabara yenye mwanga hafifu, wakila na kulala kwa ratiba iliyopangwa ili saa ya mwili ionekane peke yake. Njaa ilikuwa chini kabisa karibu saa mbili asubuhi na juu kabisa karibu saa mbili usiku. Hamu ya vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga ilipanda na kushuka vivyo hivyo.

Maana yake ni kwamba hata aliyekula vizuri kutwa nzima atasikia hamu kidogo jioni. Hilo ni umbile. Aliyeshinda njaa anaikuta hamu hiyohiyo imejumlishwa na upungufu wa kutwa, na hapo ndipo sahani mbili zinapoonekana kidogo. Tena usiku mwili hauishughulikii sukari vizuri kama asubuhi: wali uleule hupandisha sukari ya damu zaidi ukiliwa usiku.

Hatua ya kwanza: andika kwa wiki moja

Chukua daftari au simu. Kwa siku saba, kila unapotamani kula baada ya chakula cha usiku, andika mambo manne: ni saa ngapi, unatamani nini, umekula nini tangu asubuhi, na ulikuwa unafanya nini hamu ilipokuja. Usibadilishe ulaji wako wiki hiyo. Andika ukweli hata kama umekula chapati tatu baridi umesimama jikoni.

Ukimaliza, soma yote kwa mkupuo. Kama hamu kali inakuja siku zile ulizoruka chakula cha mchana, tatizo lako ni mchana na dawa yake ni hatua ya pili. Kama inakuja kila siku saa ileile, tamthilia inapoanza, hata ukiwa umeshiba, hayo ni mazoea. Kama inafuata ugomvi, hesabu za kodi ya nyumba au upweke, ni moyo unatafuta pa kupumzikia. Wengine watajikuta katika yote matatu.

Kuna kipimo kimoja rahisi cha papo hapo. Jiulize: ningepewa sasa hivi kiazi kitamu cha kuchemsha na maharage ya mchana, ningekula? Ukisema ndiyo bila kusita, una njaa ya kweli na unastahili kula. Ukisema hapana, nataka chipsi tu, hiyo ni hamu na ina njia yake.

Hatua ya pili: lisha mchana

Chai na maandazi mawili ni wanga, mafuta na sukari. Kufika saa nne asubuhi tumbo linaanza kuuliza tena. Kinachokaa tumboni ni protini na nyuzinyuzi. Yai moja lina protini ya takriban gramu 6, na kikombe cha maharage yaliyopikwa kina takriban gramu 15 pamoja na nyuzinyuzi nyingi. Kwa hiyo chapati moja na maharage ni bora kuliko chapati tatu na chai. Viazi vitamu na mayai mawili vinafaa. Uji wa ulezi uliokorogewa karanga za kusagwa unafaa sana, na haumalizi mfuko.

Anayetoka nyumbani alfajiri mara nyingi hawezi kumeza kitu saa hiyo. Asijilazimishe. Achemshe mayai usiku anapopika, ayabebe pamoja na ndizi, ale akifika kazini saa mbili. Hapo ndipo kifungua kinywa chake kinapokuwa.

Mchana, wali maharage wa mama ntilie ni chakula kizuri. Kinachoharibika ni vipimo. Wali unakuwa mlima na maharage yanakuwa mchuzi. Mwambie tu: "Mama, leo nipunguzie wali, niongezee maharage na mchicha." Mkizoeana, atakupakulia hivyo bila kumwambia. Siku ambayo kuna dagaa, chukua dagaa. Kwa bei yake, protini ya dagaa ni vigumu kuipita. Usiziweke soda na biskuti mahali pa chakula cha mchana. Chupa ya soda ya kola ya mililita 350 ina sukari ya takriban gramu 35, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kama utachukua moja tu katika mwongozo huu, nakusihi uchukue hili: kula kitu saa kumi na moja jioni. Kati ya chakula cha saa saba mchana na chakula cha saa tatu usiku kuna saa nane, tena saa hizo zina kazi, jua na kusimama kwenye daladala. Hakuna mwili unaovumilia hivyo kila siku halafu ukaishia na kijiko kimoja cha wali kwa adabu. Watu wengi wanaojaribu kupungua wanaona kula jioni ni kuongeza chakula, kumbe wanajinyima kidogo saa kumi na moja na kulipa mara tatu saa nne.

Kituo cha daladala chenyewe kina kila kitu. Karanga za kuchemsha au za kukaanga, kiganja kimoja: gramu 30 hivi za kukaanga zina takriban kalori 170 na protini ya gramu 7 au zaidi. Hindi la kuchoma lililopakwa ndimu na pilipili, chumvi kidogo. Ndizi mbivu mbili. Mtindi kama duka lina friji na halina tabia ya kuizima. Kula kabla ya kupanda gari. Ukifika nyumbani ukiwa na njaa ya kawaida, utaweza kupika na kupakua kwa akili yako. Ukifika unatetemeka, utakula ukoko wakati ugali unasongwa, kisha utakula ugali wenyewe.

Jaribu hatua hii peke yake kwa wiki mbili kabla ya kugusa nyingine.

Hatua ya tatu: chakula cha usiku

Lengo ni kumaliza kula kukiwa kumebaki saa mbili au tatu kabla ya kulala. Anayelala saa tano usiku amalize saa mbili na nusu. Najua foleni haimsikilizi mtu, kwa hiyo jambo la kufanya ni kufupisha mapishi. Mwenye friji achemshe maharage ya siku kadhaa mwishoni mwa wiki, ayagawe kwenye vyombo na kuyagandisha. Asiye na friji asijaribu kuyalaza kwa joto la Dar. Yeye achague vinavyoiva upesi: dagaa, mayai, choroko zilizolowekwa tangu asubuhi, mchicha, matembele, bamia.

Kwenye sahani, nusu iwe mboga za majani na kachumbari, robo iwe ugali, wali au ndizi, na robo iwe maharage, samaki, nyama au mayai. Kama nyumbani mnasonga ugali wa sembe, jaribuni dona, kwa sababu ganda na kiini cha mahindi vinabaki ndani yake, pamoja na nyuzinyuzi zake. Watoto watanuna siku mbili tatu, kisha watazoea.

Mafuta ndiyo mahali ambapo chakula kizuri kinaharibika bila mtu kuona. Kijiko kimoja cha chakula kina takriban kalori 120. Ukimimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu, vijiko vitano vinaingia na hakuna anayeshtuka. Pima kwa kijiko. Mchicha wa kupikia watu wanne hauhitaji zaidi ya vijiko viwili.

Mnaokula sinia moja, anzeni na mboga na mle polepole, maana anayekula kwa kasi kwenye sinia huwavuta wote. Na kuna suala la heshima. Ukifika kwa mama mkwe saa tatu usiku akakuambia "Karibu chakula, mwanangu", usimpe hotuba ya kalori. Nawa, kula matonge mawili na mboga, mshukuru: "Ahsante mama, nimeshiba, nilikuwa nimeshakula nyumbani." Ameheshimika na wewe hujapotea njia.

Hatua ya nne: jikoni na njiani

Kisichokuwepo ndani hakiliwi saa tano usiku. Biskuti na keki za watoto zinunuliwe kwa idadi ya siku, zisikae kwa pakiti kubwa. Kiporo kifunikwe na kuwekwa mbali mara tu baada ya kula, si kuachwa juu ya meza kikimwita kila anayepita. Kama banda la chipsi liko kwenye njia yako, tafuta kichochoro kingine kwa mwezi wa kwanza. Na namba ya bodaboda anayekuletea chakula usiku, ifute.

Piga mswaki mara baada ya kula. Ni jambo dogo na linasaidia.

Hatua ya tano: hamu ikija hata hivyo

Itakuja. Fuata mpangilio huu.

Kunywa glasi ya maji, au kikombe cha chai ya mchaichai au tangawizi isiyo na majani ya chai wala sukari. Majani ya chai yana kafeini, na kafeini ya usiku itakunyima usingizi na kukurudisha jikoni.

Subiri dakika 15. Hamu hupanda na kushuka. Haiendelei kupanda bila mwisho. Lakini usisubiri umekaa unaitazama. Mtu anapotamani chipsi, akilini anaiona sahani, anaisikia harufu, anaona mvuke. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walionyesha mwaka 2014 kwamba kucheza mchezo wa Tetris kwa dakika 3 kulipunguza nguvu ya hamu, kwa sababu macho ya akili yanakuwa na kazi nyingine. Kwa hiyo tafuta kazi inayoshika macho na mikono: suka, fuma, panga nguo za kesho, cheza bao na kijana wako. Kuperuzi picha za vyakula kwenye simu ni kujichochea tu.

Dakika 15 zikiisha, rudia kile kipimo cha kiazi kitamu. Kama jibu ni ndiyo, kula. Nasema kwa uzito, kula, wala usilale na njaa kwa kujiadhibu. Keti, weka kwenye bakuli, zima runinga. Yai la kuchemsha na tango. Nusu kikombe cha maharage. Mtindi usio na sukari. Kipande cha papai na karanga chache. Kikombe cha maziwa ya moto. Vitu hivi viwe tayari tangu jioni, kwa sababu saa tano usiku hakuna atakayemenya karoti.

Kama ni moyo ndio unaotafuta chakula, mpigie simu dada yako au rafiki, au andika linalokusumbua. Chakula kitaliondoa kwa dakika kumi tu. Ikiwa huzuni inakufuata kila usiku, zungumza na mtu mzima unayemwamini au mhudumu wa afya.

Hatua ya sita: chipsi

Sikushauri kuapa kwamba hutakula chipsi tena. Kitu kilichopigwa marufuku nyumbani hukaa kichwani kutwa, na siku kizuizi kinapovunjika zinaliwa sahani mbili. Ipangie chipsi siku yake, Ijumaa kwa mfano, na saa yake, kabla ya saa mbili usiku.

Kwenye banda, agiza ukijua unachotaka. Chipsi hunyonya mafuta, na zege, yaani chipsi mayai, lina mafuta ya chipsi, mayai na mafuta yanayoongezwa kwenye kikaango. Chipsi kavu nusu sahani na mishikaki miwili ya nyama isiyo na mafuta ni afadhali, na kachumbari ijae. Mwambie muuzaji asinyunyize chumvi, utaweka mwenyewe; Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyomo kwenye chakula tayari. Kunywa maji mahali pa soda. Keti pale, kula taratibu, ufurahie. Ukibeba kwenye mfuko utakula gizani bila hata kuonja.

Hatua ya saba: lala

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Karine Spiegel na Eve Van Cauter wakiwemo, waliwachunguza vijana wa kiume 12 wenye afya. Walipolala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, usiku mbili mfululizo, homoni ya shibe, leptini, ilishuka kwa asilimia 18, na homoni ya njaa, ghrelini, ilipanda kwa asilimia 28, ikilinganishwa na walipopewa saa 10 kitandani. Mwaka 2022 chuo hichohicho kilitoa utafiti wa watu 80 wenye uzito mkubwa waliokuwa wakilala chini ya saa sita na nusu: waliosaidiwa kulala saa moja na ushei zaidi walipunguza ulaji kwa takriban kalori 270 kwa siku, bila kuwekewa mpango wowote wa chakula.

Kwa hiyo saa ya kulala ni sehemu ya mlo. Chai na kahawa ziishie saa tisa alasiri. Simu ikae mbali na mto. Aliyelala saa nne na nusu hana nafasi ya kukutana na njaa ya saa sita.

Wanaofanya kazi usiku, na mwezi wa Ramadhani

Mlinzi, muuguzi na dereva wa usiku wana ratiba nyingine. Wale chakula chao kikubwa kabla ya kuingia zamu, wabebe kitu chepesi chenye protini kwa ajili ya katikati ya usiku, na wasijaze tumbo kati ya saa sita usiku na alfajiri. Wakitoka, kifungua kinywa kidogo, kisha kulala.

Ramadhani kula usiku ni sehemu ya ibada, na hapo kazi ni kugawa: futuru kwa tende na maji, kisha futari yenye mbaazi au kunde na samaki pamoja na mihogo au magimbi, kuliko kachori na sambusa tupu. Daku isiachwe. Anayeiacha daku atakula futari kwa pupa.

Wakati wa kwenda hospitali

Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi wasiruke chakula wala kupunguza mlo bila kuongea na daktari. Kwao njaa ya ghafla usiku yenye jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio inaweza kuwa sukari iliyoshuka. Pima; ikiwa chini ya 4 (mmol/L), au huna kipimo, chukua vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, pima tena baada ya dakika 15, kisha kula chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Nenda ukapimwe pia kama njaa ya usiku inakuja na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, au unakonda huku unakula. Mwambie daktari dawa unazotumia, maana prednisoloni na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza njaa. Mjamzito na anayenyonyesha wasizuie njaa ya usiku. Wale chakula bora. Mwenye kiungulia asilale mara baada ya kula.

Kuna pia wanaoamka usingizini mara mbili au zaidi kwa wiki kwenda kula, wakijua wanachofanya, au wanaokula robo au zaidi ya chakula chao cha siku baada ya mlo wa usiku. Daktari Albert Stunkard aliieleza hali hii tangu mwaka 1955, na inatibika. Vivyo hivyo anayekula kupita kiasi kwa siri kisha kujitapisha: huo ni ugonjwa, na aibu isimzuie kutafuta msaada.

Asubuhi baada ya usiku mbaya

Utateleza usiku fulani. Kosa linalofuata kwa kawaida ni kujinyima asubuhi ili kufidia, na kujinyima huko ndiko kunakoandaa usiku mwingine wa namna hiyo. Kunywa maji, kula yai na uji saa ileile ya kila siku, nenda kwa mama ntilie mchana kama kawaida, na saa kumi na moja jioni nunua karanga zako kabla ya kupanda gari.